Jeki huinua, gogo hushika: jeki ilivyofika Kilimanjaro na namna ya kulaza tela salama



Mavuno ya mahindi ya tambarare yakiisha, matela hurudi nyumbani. Ukipita Mabogini, Kahe, Chekereni au Himo wakati huo utayaona yameegeshwa chini ya miembe na kando ya maghala. Mengine yamekaa vizuri. Mengine yamelalia rimu upande mmoja, na mbao za sakafu zimejaa maji na makapi. Na mara nyingine utaona jambo la hatari zaidi: tairi limetolewa likapelekwa kwa fundi pancha, ekseli imeachwa juu ya jeki siku tatu au wiki nzima, na watoto wanacheza pembeni.

Tela si kitu kidogo. Kikundi kinaweza kulilipia mkopo misimu miwili au mitatu. Likikaa vibaya miezi mitano, linaanza msimu mpya likiwa na matairi yaliyopasuka, springi zilizopinda na beringi zilizokula kutu. Lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko ile nyingine. Mtu akiingia chini ya tela lililoshikwa na jeki peke yake, na jeki ikalegea, hana muda wa kutoka. Hakuna mkopo unaorudisha mtu.

Leo nataka tuangalie historia: namna watu wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro walivyojifunza kuinua vitu vizito, tangu magari ya ng'ombe hadi pawatila. Kila kanuni ya kutumia jeki ina chanzo chake, na mtu akijua chanzo cha kanuni huishika kuliko yule aliyeambiwa tu "usifanye".

Kabla ya gurudumu, na gurudumu la kwanza

Kwa muda mrefu mzigo wa mlimani ulipanda na kushuka kichwani na mabegani. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kwa njia ya Pangani ilibebwa na wapagazi. Ndizi za kihambani zilishuka sokoni vichwani mwa akina mama, na mahindi na maharage ya shamba la chini yakapanda vivyo hivyo. Njia kati ya vihamba ni nyembamba, zinavuka mifongo na makorongo, na kule chini mbung'o waliua wanyama wa kuvuta. Gurudumu halikuwa na nafasi.

Miongoni mwa waliokuja na magurudumu makubwa ni Makaburu. Baada ya vita vyao na Waingereza kule Afrika Kusini, baadhi yao walihamia koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1904 na 1905 familia zao zikaanza kukaa maeneo ya kati ya Meru na Kilimanjaro. Walisafiri na magari makubwa ya kukokotwa na ng'ombe, yenye turubai juu. Gari lile halikuwa la mzigo tu. Familia ililala humo, ikapika kando yake na kuweka humo mali yake yote. Leo Ulaya na Marekani watu wana matela ya kusafiria yenye vitanda na jiko ndani. Gari la ng'ombe la Kaburu ni ndugu yake wa zamani.

Magurudumu yake yalikuwa ya mbao yenye pete ya chuma, yanazunguka kwenye ekseli iliyopakwa mafuta. Mafuta yakikauka, gurudumu hulia, hupata moto na kula ekseli. Kwa hiyo kila baada ya safari ya siku kadhaa gari lilipaswa kuinuliwa, gurudumu moja baada ya jingine, lipakwe mafuta na kurudishwa. Ndiyo maana jeki ilikuwa sehemu ya vifaa vya gari la ng'ombe. Ilikuwa ya wenzo wa mbao na chuma, au ya skrubu.

Hapo tunapata somo la kwanza: jeki ilianza kama kifaa cha matunzo, siyo kifaa cha ajali. Wenzetu wengi wanatafuta jeki siku tairi likipasuka. Mwenye gari la ng'ombe aliitafuta kabla gurudumu halijalia. Tela lako lina beringi zinazohitaji grisi, na huwezi kuzifikia bila kuinua tela. Asiye na jeki yake hatii grisi kwa wakati, maana kila mara atasubiri ya kuazima.

Reli ya Tanga na jeki ya skrubu

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ujenzi ulienda polepole: Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Safari nzima ya Tanga hadi Moshi ni karibu kilomita 350. Mwaka 1929 reli ikaendelezwa hadi Arusha.

Reli ilileta uzito ambao hapa haukuwa umeonekana. Injini ya treni au behewa lenye mzigo likitoka kwenye reli, wanaume hamsini hawalirudishi kwa kusukuma. Linarudishwa kwa kuinuliwa: jeki zinawekwa chini, mataruma ya mbao yanapangwa kwa kupishana kama ukuta wa zizi, unainua kidogo, unaongeza mbao, unainua tena. Hivyo ndivyo mafundi wa reli wanavyofanya kazi hiyo dunia nzima.

Jeki ya skrubu ina sifa moja nzuri. Skrubu ikiwa nzima, mzigo hauishuki peke yake. Ukiacha kuzungusha, inasimama pale pale, kwa sababu msuguano wa meno yake unaushika mzigo. Kasoro yake ni kwamba ni nzito kuzungusha na inakula muda. Hata hivyo, wale mafundi hawakuiamini peke yake. Waliweka mbao chini ya mzigo kila ulipopanda. Kumbuka jambo hilo, kwa maana tutalirudia: kama fundi wa reli aliweka mbao juu ya jeki isiyoshuka, sisi wenye jeki inayoshuka tunapaswa kuweka mbao mara mbili.

Jeki ya mafuta ilitoka wapi

Jeki tunayotumia wengi leo, ile iliyosimama kama chupa, inafanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal. Maandiko yake juu ya jambo hili yalichapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kanuni ni hii: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, msukumo unaenda pande zote sawasawa. Kwa hiyo ukisukuma bomba jembamba, na bomba hilo limeunganishwa na bomba nene, nguvu kwenye bomba nene inakuwa kubwa kuliko ile uliyoiweka.

Tupige hesabu. Chukua jeki ambayo bomba lake dogo lina upana wa sentimita 1, na bomba kubwa lina upana wa sentimita 3. Upana umezidi mara tatu, lakini eneo limezidi mara tisa. Mkono wa jeki nao ni wenzo, tuseme unazidisha nguvu yako mara 15. Ukikandamiza kwa uzito wa kilo 30, unapata 30 mara 15 mara 9, yaani zaidi ya kilo 4,000. Ndiyo maana mama mmoja anaweza kuinua upande wa tela lenye magunia.

Lakini hakuna cha bure. Bomba dogo likishuka sentimita 2, bomba kubwa linapanda milimita 2 tu na kidogo. Kwa hiyo unapampu mara nyingi. Na kwa sababu eneo la bomba kubwa ni hilo hilo dogo, mafuta kidogo sana yakivuja, mzigo unashuka waziwazi. Kijiko cha chai kimoja kikipita pasipotakiwa, tela linashuka karibu milimita 7.

Mwingereza Joseph Bramah ndiye aliyepata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya kimiminika, mwaka 1795. Shida iliyomsumbua ilikuwa ndogo kwa macho: maji yalipita pembeni ya bomba. Akikaza sana, bomba haliendi. Akilegeza, maji yanavuja. Fundi aliyefanya kazi kwake, Henry Maudslay, ndiye anayesifiwa kwa kupata dawa: pete ya ngozi yenye umbo la kikombe, ambayo msukumo ukiongezeka, nayo inajitanua na kuziba zaidi. Baadaye, mwaka 1851, Richard Dudgeon, fundi mzaliwa wa Scotland aliyeishi New York, akapata hataza ya jeki ya namna hiyo inayobebeka.

Pete ile ya ngozi leo ni ya mpira, na mafundi wetu wanaiita sili. Historia nzima ya jeki ya mafuta ilikwama mpaka sili ilipopatikana, na hadi leo jeki inakufa sili inapokufa. Chuma chake kinaweza kukaa miaka 40. Kinachoamua kama kesho itainua au haitainua ni kipande cha mpira kinacholingana na pete ya kidole. Ndiyo maana nitakusisitizia sana suala la mafuta huko mbele.

Vita, lori na kahawa

Machi 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, jeshi la upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Moshi, na siku chache baadaye likapigana Kahe. Mvua za masika zikafuata. Jeshi lilikuwa na farasi, ng'ombe na malori. Mbung'o na maradhi yakaua wanyama, na matope yakameza malori. Mtu yeyote anayeujua udongo mweusi wa tambarare mwezi wa nne anaweza kuwaza hali ilivyokuwa.

Baada ya vita lori likabaki, na kazi yake kubwa hapa ikawa kahawa. Mbegu ilikuwa imeletwa na wamisionari wa Kikatoliki Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao cha kwanza, KNPA, na mwaka 1933 kikaja KNCU, muungano wa vyama vya msingi ulioendelea kuuza kahawa ya mlima mzima. Kahawa ilikusanywa kwenye vyama vya msingi huko juu, Kibosho, Machame, Uru, Marangu na Rombo, kisha ikashuka Moshi kwa kukobolewa na kupakiwa kwenye treni.

Barabara zile ni za mteremko, na wakati wa mvua huteleza kama sabuni. Hapo ndipo dereva na utingo wa mlimani walipojifunza kanuni ya jiwe. Gari likisimama, kabla ya jambo lolote utingo anaruka na jiwe mkononi, analiweka nyuma ya tairi upande wa bondeni. Kwa kazi ya jeki, kanuni hii ni uhai. Gari lililoinuliwa tairi moja limepunguza mshiko wake ardhini. Likisogea hata kidogo, jeki inainama na kuanguka. Utingo wa zamani hakusoma Pascal, lakini alijua kwamba jeki haianguki kwa uzito wa kushuka tu, inaanguka kwa gari kusogea.

Karakana nyingi za mwanzo mjini Moshi zilikuwa za mafundi wenye asili ya Asia, Wahindi na Kalasinga, kama wazee wetu walivyozoea kuwaita. Vijana wetu waliingia humo kama wasaidizi, wakabeba spana, wakajifunza kwa kuangalia. Wengi wa mafundi wazee unaowajua wamefundishwa na mtu aliyefundishwa humo. Ujuzi ulipita mkononi bila kuandikwa popote. Uzuri wake ni kwamba ulifika vijijini. Ubaya wake ni kwamba kijana hujifunza namna ya kuinua, ila si kila mara anaambiwa kwa nini fundi mkubwa aliweka gogo.

Kongwa: mashine nyingi, matunzo machache

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, makao yakiwa Kongwa. Walileta matrekta mengi, mengine yakiwa mabaki ya vita. Hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ilikuwa ngumu, visiki vilikuwa vigumu zaidi, vipuri vilikosekana, na waendeshaji walikuwa hawajafundishwa vya kutosha. Katika miezi ya mwanzo tu sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na hasara iliyotajwa ni pauni milioni 36.

Kongwa si Kilimanjaro, lakini kila kikundi kinachonunua mashine kingefaa kukumbuka habari hii. Fedha hazikuwa tatizo pale. Walichokosa ni mashine kuwa na mtu wake, vipuri vyake na ratiba yake ya matunzo.

Miaka ile ile, Harry Ferguson alikuwa ameanza kuuza trekta lake dogo la TE20, lililotoka kiwandani kuanzia mwaka 1946. Ndani yake kulikuwa na pampu ya mafuta inayoinua jembe kwa kusukuma kijiti kimoja. Jeki ilikuwa imeingia ndani ya trekta. Jina lake baadaye likaungana na la kampuni nyingine, tukapata Massey Ferguson, matrekta mekundu ambayo wakulima wa tambarare wanayajua kama majina ya watoto wao. Mafuta yale yale ya trekta yakaweza kupelekwa kwa mpira hadi kwenye tela, kuinua bodi na kumwaga mzigo. Ni kanuni ile ile ya Pascal, na hatari ni ile ile.

Mpunga, pawatila na tela la kila mtu

Mwaka 1987 mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika kwa msaada na mkopo wa Japani, ukitumia maji ya mito Rau na Njoro. Vijiji vya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria vikaingia kwenye mpunga wa kisasa. Chekereni pakawa kituo cha mafunzo, ambacho tangu mwaka 1994 kinaitwa KATC, na wakulima kutoka mikoa mingi wamepita pale. Pamoja na mbegu na mifereji, watu walijifunza pawatila.

Kisha mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, na pawatila zikasambazwa wilayani kote nchini. Ilikusudiwa zilime. Lakini sote tuliona kilichotokea: nyingi zilionekana barabarani zikivuta tela, zimebeba matofali, mchanga, magunia na hata abiria. Sisi maofisa tulilalamika, lakini mkulima alikuwa na hesabu zake. Kulima ni wiki chache, kusomba ni mwaka mzima.

Matokeo yake ni kwamba tela, ambalo zamani lilikuwa la shamba kubwa, chama au tajiri mwenye lori, leo liko mikononi mwa mtu wa kawaida. Jeki nayo imemfuata. Lakini yule utingo mwenye jiwe na yule fundi wa reli mwenye mbao hawakuja nayo. Nafasi yao inabidi uishike wewe.

Sasa tufanye kazi: kuinua tela

1. *Chagua jeki yenye nafasi.* Tela la trekta lenye uzito wa kilo 1,200 likiwa na mzigo wa kilo 3,000 lina jumla ya kilo 4,200. Ukiinua upande mmoja unabeba karibu tani 2. Jeki ya tani 2 itakuwa imefika mwisho wake. Tumia ya tani 5. Na kama unaweza, shusha mzigo kwanza.

2. *Tafuta pa tambarare.* Mlimani ni vigumu, lakini vuta tela hadi penye usawa. Usiinue kwenye mteremko.

3. *Funga tela lisisogee.* Liache limeunganishwa na trekta lenye breki ya mkono, au uegemeze mkono wake wa mbele kwenye gogo imara. Weka mawe makubwa au kabari mbele na nyuma ya tairi linalobaki chini.

4. *Legeza nati za tairi kabla ya kuinua.* Ukizilegeza tela likiwa juu, utalitikisa liondoke kwenye jeki.

5. *Weka ubao chini ya jeki.* Kitako cha jeki chenye sentimita 12 kwa 12 kina eneo la sentimita za mraba 144. Kikibeba kilo 2,000, kila sentimita ya mraba inasukuma ardhi kwa karibu kilo 14. Ukiweka ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, inabaki kilo moja na robo. Kwenye udongo mweusi wa Kahe au kihamba chenye mboji, tofauti hiyo ndiyo kusimama au kuzama.

6. *Inulia ekseli, karibu na springi.* Usiinulie mbao za bodi wala bati. Hakikisha jeki imesimama wima.

7. *Ukishainua, weka stendi au magogo mara moja, kisha shusha tela likae juu yake.* Hapo ndipo uingize mkono au kichwa. Gogo liwe la mti mgumu mkavu, limekatwa sawa pande zote mbili, au mbao zilizopangwa kwa kupishana. Usitumie tofali la saruji wala la kuchoma. Tofali halitoi taarifa kabla ya kupasuka.

8. *Kushusha, fungua skrubu ya kuachia polepole.* Robo mzunguko, subiri, ongeza kidogo. Ukifungua kwa pupa, tela linadondoka.

Kulaza tela msimu ukiisha

Neno kuu ni moja: jeki ni ya kuinulia, si ya kuhifadhia. Tumeona kwamba kijiko cha chai cha mafuta kinatosha kushusha tela. Mchana jua linapasha jeki, usiku inapoa, sili inachoka, na siku mtoto anapita chini kutafuta mpira wake ndipo inapoachia.

Fanya hivi. Osha tela, toa udongo na makapi kwenye kona. Inua upande mmoja, weka gogo au stendi, kisha upande wa pili. Egemeza na mkono wa mbele. Magurudumu yaguse ardhi kidogo sana au yaning'inie, ili uzito usikae sehemu moja ya tairi kwa miezi. Jaza upepo wa kawaida, na uyafunike matairi kwa magunia, maana jua ndilo linalopasua mpira. Wakati liko juu, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likilia au likicheza, fungua beringi uzisafishe na kuzitia grisi sasa, siyo siku ya kuvuna. Liinamishe kidogo mbele au nyuma ili maji ya mvua yatoke. Mwisho, toa jeki, uiweke ndani.

Kutunza jeki yenyewe

Tumia mafuta ya haidroliki tu. Usitie mafuta ya breki, hata kama duka la karibu lina hayo tu. Sili za jeki nyingi zimetengenezwa kwa mafuta ya madini, na mafuta ya breki huzivimbisha na kuzilainisha mpaka zinakatika. Usitie oili chafu iliyotoka kwenye injini. Ina vumbi la chuma linalokwaruza bomba na kukaa kwenye vali.

Kuongeza mafuta, shusha bomba hadi chini kabisa, simamisha jeki wima, na ujaze hadi usawa wa tundu la kujazia. Ukijaza bomba likiwa juu, likishuka mafuta hayana pa kwenda na sili zitasukumwa nje. Kama inapanda kwa kudunda au haifiki mwisho, huenda ina hewa: bomba likiwa chini, fungua skrubu ya kuachia, legeza kizibo cha mafuta, pampu haraka mara kumi, kaza vyote, ujaribu tena. Ikiendelea kushuka yenyewe ikiwa na mzigo, usiitumie mpaka fundi abadilishe sili.

Ihifadhi wima, bomba likiwa ndani. Bomba lililoachwa nje linashika kutu, na kutu ni msasa unaokula sili kila linapopanda na kushuka.

Wenye tela la kumwaga

Usiingie chini ya bodi iliyoinuliwa bila kuweka nguzo ya chuma ya kuizuia, hata kama ni kwa dakika moja ya kutia grisi. Mpira wa mafuta ukipasuka, bodi inashuka mara moja. Na ukihisi mpira unavuja, usipapase kwa kidole. Tumia kipande cha karatasi ngumu au ubao. Mafuta yenye msukumo mkubwa yakitoka kwenye tundu dogo kama la sindano yanapenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kukugharimu mkono. Likitokea, nenda hospitali mara moja hata kama huumwi.

La kufanya wiki hii

Wanakikundi wakutane, wachague mtu mmoja awe na jeki, ubao wake, kabari mbili na magogo manne, vyote mahali pamoja, na jina lake liandikwe kwenye daftari la kikundi. Anayeazima jeki aazime na magogo yake. Asiyetaka kubeba magogo asipewe jeki.

Magogo manne hayana gharama, yapo kihambani kwako. Yakate kabla tela halijarudi kutoka shambani.